Flashi ilivyoniumbua Usangi!

Jamani wasomaji, leo sina utani. Wewe unayetaka kuingia kwenye biashara ya picha, soma kisa changu usije ukaumbuka kama mimi.

Mwaka 2022 nilikuwa na laki tisa za kuungaunga hapa Mwanga mjini. Nikapanda basi hadi Moshi, nikanunua DSLR ya megapikseli 24 na lenzi yake. Mshiko wote ukaishia hapo, nikabaki na nauli tu. Kurudi kijiweni, washikaji wakanipa heshima zote, nami nikavimba kichwa.

Wiki mbili baadaye nikapata tenda ya sherehe ya kumuaga bibi harusi kule Usangi. Mchana mambo yalikwenda poa. Giza lilipoingia, balaa! Waliokaa mbele walitoka kama wamepakwa unga, macho mekundu. Wa nyuma, giza tupu. Babu wa bibi harusi aliinuka meza ya mbali, akatoa nasaha watu wakalia. Nikampiga picha kutoka palepale kwenye keki. Ikatoka kola nyeupe ya shati tu.

Miezi mitatu baadaye babu akafariki. Bibi harusi akanipigia simu: "Mdogo wangu, ile picha ya babu akitoa nasaha unayo? Ndiyo ya mwisho."

Nilikosa jibu. Pesa nilimrudishia, lakini babu ningemrudisha vipi?

Ndipo kaka mmoja, mpiga picha wa siku nyingi, akanifungua macho. Flashi ndogo iliyojengewa kwenye kamera ina nguvu ya namba 9 mpaka 12 kwa ISO 100. Gawanya kwa tundu la lenzi, tuseme f/4, unapata mita 2 hadi 3 basi. Babu alikuwa mbali mara tatu ya hapo! Flashi ya kuchomeka juu, mfano Canon 430EX II, ina namba 43 ikivutwa mwisho: mita 10 na ushee.

Tena kichwa chake kinageuka. Ielekeze kwenye dari jeupe, mwanga unarudi laini na sura inatoka na rangi yake. Lakini angalia juu kwanza! Turubai likipambwa kwa vitambaa vya zambarau, maharusi nao watatoka zambarau. Hapo funga karatasi nyeupe ngumu nyuma ya flashi kwa mpira, ndiyo iwe dari lako. Kama nyuma bado kuna giza, panda ISO mpaka 800 au 1600.

Kwa hiyo mgao wangu ni huu: usimalize hela kwenye kamera. Makampuni yamehamia kamera zisizo na kioo ndani, hivyo DSLR za mtumba siku hizi zinapatikana kwa bei nafuu. Chukua mtumba safi, uliza imeshapiga picha ngapi, kisha chenji inunue flashi.

Na usinunue flashi kwa kuiona kabatini. Ichomeke kwenye kamera yako, piga. Canon EOS 250D ya mwaka 2019, na baadhi ya 2000D na 4000D, hazina pini ya katikati pale juu, hivyo flashi nyingi za bei poa haziwaki kabisa. Mwisho, beba seti mbili za betri nne za kuchaji. Umeme ukikatika mlimani, utamchajia nani?

Mwezi uliopita nilikuwa Ugweno, kwenye harusi. Kabla hata ya keki, nilimfuata bibi mmoja kwenye kona yake, nikageuza flashi, nikampiga. Alitoka na mikunjo yote ya uso na kicheko chake.

Hiyo picha sikuidai hata senti. Haya, tukutane wiki ijayo!