Mkorogo: Gharama ya Uzuri wa Kwenye Picha

Mwanamke anapofika kliniki akiwa na chunusi zilizotapakaa usoni, michirizi mapajani na madoa meusi mashavuni, mara nyingi hulalamikia mambo hayo tu. Kitu anachojipaka hakitaji, ama kwa kuona haya, ama kwa kuwa hakihesabu kuwa ni dawa. Mhudumu naye asipouliza, humwandikia dawa ya chunusi au ya fangasi, na baada ya wiki kadhaa mgonjwa hurudi akiwa vile vile au akiwa na hali mbaya zaidi. Makala haya yanaeleza kinachomsukuma mwanamke kujichubua, kilichomo ndani ya mkorogo, madhara yake, na namna ya kuuacha kwa usalama.

Picha inavyoingia mwilini

Kwamba picha hubadili namna msichana anavyojitazama si dhana tupu. Katika visiwa vya Fiji, mwili mnene ulihesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya afya na matunzo mema. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga, na mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule muda mfupi baadaye, kisha akapima kundi jingine la rika hilo mwaka 1998. Wasichana waliokuwa na dalili za kuvurugika kwa ulaji walikuwa asilimia 12.7 katika kundi la kwanza, na asilimia 29.2 katika kundi la pili. Katika kundi la kwanza hakuna aliyesema kwamba alijitapisha ili apungue uzito. Katika la pili walikuwa asilimia 11.3. Yaani miaka mitatu tu ilitosha.

Katika miji ya Afrika Mashariki shinikizo hilo huangukia pia rangi ya ngozi. Tangu zamani watu wetu wamemsifu mwanamke wa maji ya kunde, lakini sifa hiyo ilikuwa moja kati ya nyingi, na ilimhusu aliyezaliwa nayo. Leo mabango ya barabarani, video za muziki na programu za simu zinazong'arisha uso kabla picha haijatumwa zimeigeuza rangi hiyo kuwa sharti. Msichana hujilinganisha na sura ambayo hata mwenyewe aliyepigwa picha hana. Na palipo na upungufu wa kubuni, muuzaji wa tiba yake hakosekani.

Kilichomo ndani ya kopo

Jina mkorogo linatokana na kukoroga: krimu, losheni na sabuni mbalimbali huchanganywa pamoja, pengine hata na dawa ya kufulia nguo. Viambato vitatu ndivyo vyenye hatari kubwa.

Cha kwanza ni zebaki. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo huikinga ngozi dhidi ya miale ya jua. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini hiyo, na ngozi hubaki bila kinga yake. Kwenye kopo inaweza kuandikwa calomel, mercury au mercuric iodide. Mara nyingi haiandikwi kabisa.

Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo nayo huzuia kimeng'enya hicho hicho. Madaktari wa ngozi huitumia kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikitumika ovyo kwa miaka, huweza kuleta madoa ya rangi ya samawati iliyokolea au nyeusi mashavuni na kuzunguka macho, yaani kinyume cha alichokitaka mtumiaji. Madoa hayo ni magumu sana kuyaondoa.

Cha tatu ni steroidi kali, hasa klobetasoli, ambayo ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi ikiandikwa na daktari. Kung'aa kunakoonekana siku za mwanzo mara nyingi ni kazi yake.

Madhara yasiyoonekana kwenye kioo

Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ichanike michirizi isiyofutika, ioneshe mishipa midogo ya damu na ichubuke kwa urahisi. Hupunguza nguvu ya ngozi kupambana na vijidudu, hata choa huenea huku kikijificha sura yake ya kawaida. Kidonda huchelewa kupona, ukiwemo mshono wa upasuaji wa kujifungua. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, huingia katika damu. Shinikizo la damu na sukari huweza kupanda, na tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ambayo mwili huihitaji wakati wa ugonjwa au upasuaji.

Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Dalili zake ni kuvimba miguu na uso, mkojo wenye povu, mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kusahau. Kwa mjamzito, hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na baadaye huingia katika maziwa. Hubaki pia kwenye taulo na mashuka, hivyo watoto wasiojipaka chochote nao hudhurika.

Kwa sababu hiyo mataifa yaliafikiana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kupunguza matumizi ya zebaki, na mwaka 2023 yakakubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi ifikapo 2025. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Hata hivyo, marufuku haifiki katika kila duka la mtaani.

Kwa anayetaka kuacha

Usione haya kwenda kituo cha afya, na nenda na makopo yote unayotumia. Bidhaa yenye zebaki huachwa mara moja. Lakini aliyejipaka steroidi mwili mzima kwa miezi au miaka asiache kimya kimya bila kumwona daktari: ngozi huweza kuwaka, kuwasha na kufura, na mwili huweza kukosa homoni. Daktari anaweza kukupa dawa inayojulikana kwa kipimo kinachopungua kidogo kidogo. Ukihisi udhaifu mkubwa, kizunguzungu au kutapika baada ya kuacha, hiyo ni dharura. Ngozi itakuwa mbaya kwa muda kabla ya kutengemaa. Wengi hurudi kwenye mkorogo katika kipindi hicho, kwa hiyo kijue mapema. Jikinge na jua kwa nguo, kofia au mwavuli.

Kwa mhudumu wa afya

Uliza faraghani na bila kulaumu: "Unapaka nini mwilini, na kwa muda gani?" Swali hili liulizwe katika kliniki ya wajawazito na kabla ya kila upasuaji. Pima shinikizo la damu, sukari na protini katika mkojo. Panapowezekana, pima zebaki katika mkojo. Maneno ya kejeli humfukuza mgonjwa, naye hurudi kwa yule aliyemuuzia kopo.

Uliza pia sababu. Wapo walioanza baada ya kutaniwa shuleni, au kuachwa na mchumba, au kuona mwenzao mweupe akipewa kazi. Jeraha hilo halitibiwi kwa krimu, na linastahili kusikilizwa kama maumivu mengine yoyote. Nyumbani nako, mtoto wa kike anayesikia kila siku mama yake akiilalamikia ngozi yake mwenyewe hujifunza kuilalamikia ya kwake. Anayesikia inatajwa kwa heshima huyatazama mabango kwa macho mengine.