Kichocheo cha Ukuaji Kinapoleta Maumivu Gotini

Goti zima lina ute mchache mno, mililita chache tu, mzito na wenye kuvutika kama ute wa yai. Baridi yabisi ikiingia, ute huongezeka na kuwa mwepesi. Daktari akichoma sindano huweza kunyonya makumi ya mililita. Ndani yake wanasayansi wamekuta, kwa wingi usio wa kawaida, protini ambazo asili yake ni kujenga mwili: vichocheo vya ukuaji.

Kimojawapo, NGF, hukuza mishipa ya fahamu. Kilifichuliwa na Rita Levi-Montalcini wa Italia. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilipomfungia milango ya chuo kwa kuwa Myahudi, aliweka maabara chumbani kwake Turin, akachunguza vifaranga ndani ya mayai. Baada ya vita alihamia St. Louis, Marekani, akafanya kazi na Stanley Cohen. Mwaka 1986 wawili hao walitunukiwa Nobel.

Mtoto aliye tumboni anakihitaji NGF ili mishipa yake ya fahamu iishi. Kwenye goti lililovimba la mtu mzima, kichocheo hichohicho huifanya mishipa hiyo iwe nyepesi kushtuka, hata kupanda ngazi kukawa adhabu. Mwenziwe, VEGF, huotesha vijishipa vya damu vinavyolisha utando wa kiungo uliovimba, nao utando huo hutafuna gegedu na mfupa. VEGF hupanda katika damu pia, ila damu hubeba habari za mwili mzima. Ute husema habari za kiungo kilekile kinachouma.

Basi kwa nini NGF isizuiwe? Kampuni za Pfizer na Eli Lilly zilijaribu kwa tanezumabu, kingamwili ya kuinasa. Wengi wenye magoti na nyonga zilizochakaa walipata nafuu. Lakini mwaka 2010 majaribio yalisimamishwa Marekani: viungo vya baadhi yao viliharibika kwa kasi hadi kuhitaji kubadilishwa. Hatari ilizidi kwa waliochanganya sindano hiyo na vidonge vya kawaida vya kutuliza uvimbe. Majaribio yalirejea, ila Machi 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura 19 kwa 1 kwamba faida zake hazikuhakikishwa kuzidi hatari zake, na mwaka huohuo kampuni zikaachana nayo.

Kwa hiyo kipimo kikionyesha kichocheo kimejaa gotini, hilo ni swali kwa watafiti, bado si tiba. Maumivu yaliweza kuzimwa. Goti lenyewe halikupona.