Muhuri wa Bastola Hausemi Uongo

Bastola kuukuu ina nasaba yake, na nasaba hiyo haisomwi kwenye nakshi. Mimi hutazama kwanza mihuri iliyogongwa kwenye mtutu.

Mzee mmoja alinionyesha bastola ya urithi, akisema babu yake alitunukiwa na Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja aliyefariki mwaka 1888. Chini ya kutu nikasoma ELG ndani ya umbo la yai, na juu yake taji. Huo ni muhuri wa Liège, Ubelgiji, unaogongwa silaha ikishajaribiwa kwa baruti. Taji liliongezwa mwaka 1893, Sultani yu kaburini miaka mitano.

Nikamweleza mzee kwa adabu: ya babu ni kweli, ya Sultani siyo. Msomaji, ukiuziwa jina, tafuta muhuri kwanza.