Antena nne, mgonjwa mmoja: namna mashine ya joto inavyogawa nguvu

Kwenye simu zetu zinazunguka matangazo ya mashine za "mawimbi". Unakaa dakika chache, unalipa dola, na ugonjwa wowote unayeyuka. Wengi wanauliza kama mambo hayo yapo kweli ao ni uongo mtupu. Ukweli ni kwamba mawimbi ya umeme yanatumika hospitalini kusaidia kutibu kansa. Lakini kazi yenyewe ni ngumu, na ukielewa ugumu wake hutadanganywa kirahisi.

Tuanze na kitu tunachokijua hapa redioni. FM inatumia mawimbi ya megahezi 87.5 mpaka 108. Kule Amsterdam, Uholanzi, kuna mashine ya kupasha joto kansa za ndani ya tumbo inayotumia megahezi 70, ni jirani kabisa wa FM. Tofauti ni kwamba sisi tunatupa mawimbi mbali yafike vijijini, na mashine ile inayakusanya ndani ya mtu mmoja aliyelala kitandani. (Na usiogope poste yako: nguvu inayoifikia ni ndogo sana, haiwezi kupasha hata tone la maji.)

Joto linalotafutwa si la kuchoma. Ni digrii 40 mpaka 43, kwa muda wa saa moja hivi. Seli za kansa zikipashwa namna hiyo zinashindwa kujirekebisha nyuma ya kupigwa na mionzi, na damu inapita zaidi mahali pale. Kwa hiyo joto ni msaidizi wa radioterapi ao wa dawa. Halitumwi peke yake kumaliza kansa.

Sasa, juu ya nini isiwe antena moja tu yenye nguvu nyingi? Kwa sababu mwili una maji na chumvi, unakunywa mawimbi njiani. Kansa ya shingo ya kizazi iko ndani sana. Ukisukuma nguvu yote upande mmoja, ngozi na nyama za juu zitaungua mbele ya ile kansa kusikia chochote. Ndiyo maana mashine ya Amsterdam ilijengwa na antena nne: moja juu ya mgonjwa, moja chini, moja kuume, moja kushoto. Kila moja inatoa kiasi ambacho ngozi inaweza kuvumilia, na yote yanakutana katikati.

Kukutana kwenyewe ndiko kwenye siri. Watu wa Tchomia wanaelewa mbio: mitumbwi miwili yenye mota ikipishana ziwani, kuna mahali mawimbi yao yanapandana na maji yanaruka juu, na kuna mahali yanauana, maji yanatulia. Mawimbi ya antena yanafanya vilevile. Tuseme kila antena inaleta wimbi la kimo 1 pale kwenye kansa. Yakifika yote kwa wakati mmoja, kimo kinakuwa 4. Lakini joto linafuata kimo mara kimo chenyewe, kwa hiyo tunapata 16, si 4.

Angalia sasa kosa dogo linavyoharibu. Antena moja ikizimika, zinabaki tatu: 3 mara 3, ni 9. Ikiwa haikuzimika bali inachelewa nusu ya hatua, yaani wimbi lake linashuka wakati mengine yanapanda, basi inakula moja ya wenzake. Kimo kinabaki 2, joto linakuwa 4. Umeona? Antena iliyokufa ni afadhali kuliko antena iliyo hai inayotoka nje ya mwendo. Na kwenye kioo cha mashine, jumla ya wati inaweza kuwa ileile.

Ndiyo sababu kila antena inapewa kipaza nguvu chake chenye vifungo viwili: kimoja cha kiasi cha nguvu, kingine cha wakati wa kuanza wimbi. Kansa ikiwa upande wa kuume, wimbi la antena ya kuume lina safari fupi. Linacheleweshwa kidogo ili mengine yalifikie, na nguvu yake inaweza kupunguzwa ili nyama za upande ule zisiungue. Wataalamu wanapanga hayo kwa kompyuta, wakitumia picha za skana za mgonjwa mwenyewe, maana tumbo la mtu mnene na la mtu mwembamba hayapitishi mawimbi sawasawa.

Hata hivyo usifikiri ni kama kulenga kwa sindano. Wimbi la megahezi 70 lina urefu wa mita 4 na kidogo hewani, na chini kidogo ya sentimita 40 ndani ya nyama ya mwili. Doa la joto linakuwa kubwa kama bakuli. Na mara nyingi joto linajikusanya mahali lisipotakiwa, hasa pale mafuta yanapopakana na nyama ao karibu na mfupa. Kwa hiyo kati ya antena na ngozi kunawekwa mifuko ya maji: yanasaidia mawimbi kuingia mwilini na yanapoza ngozi. Vipimajoto vyembamba vinaingizwa karibu na kansa. Na mgonjwa anaachwa macho makusudi. Akisema "pananichoma hapa kiunoni", mwendeshaji anashusha antena moja ao anabadili wakati wake. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo cha bei ndogo kuliko vyote na chenye maana kuliko vingi: mdomo wa mgonjwa.

Kuna pia nguvu inayorudi. Mafundi wa redio wanaijua: antena isipolingana na kinachoipokea, sehemu ya nguvu inarudi kwenye emeta na kuichoma. Kwenye mashine hii antena zinasikiana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ukigusa kifungo cha moja unasumbua tatu. Kwa hiyo nguvu inayokwenda na inayorudi vinapimwa kwenye kila njia, muda wote wa matibabu.

Je, kunaleta faida? Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye kansa ya shingo ya kizazi iliyosogea, waliopata radioterapi pamoja na joto, 51 katika 100 walikuwa hai nyuma ya miaka mitatu. Waliopata radioterapi peke yake walikuwa 27 katika 100. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2005, wa wagonjwa 110 katika vituo vitano, wenye mashine ya namna nyingine, haukuona faida. Wataalamu wa Uholanzi waliuliza kama joto lilifika kweli kwenye kansa.

Kwa mama wa Bunia, swali la kwanza linabaki radioterapi. Walio na uwezo wanavuka mpaka wa Goli ao Ziwa Albert kwenda Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute pale Mulago. Na hata kule, mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima iliharibika. Mpya ilizinduliwa mapema 2018, na katikati wagonjwa wengine walipelekwa Nairobi. Kama serikali ilipata shida namna hiyo na mashine moja, mtu mwenye "mashine ya mawimbi" kwenye nyumba ya kupanga aulizwe mbele ya kulipwa. Kansa ilithibitishwa na hopitali gani? Joto linapimwa wapi, juu ya ngozi ao karibu na kansa? Umeme ukipanda na kushuka, nani anaangalia nguvu ya kila antena? Aliuliza kama mgonjwa ana mimba, ana chuma mwilini, ana kifaa cha moyo? Na akikuambia uache dawa za hopitali mbele ya kuanza, shika njia yako urudi kwa muganga.