Maana za "May" na "Shall" katika Kufasiri Sheria

Katika Kiingereza yako maneno mawili mafupi, "may" na "shall", ambayo mwanafunzi huyapata katika masomo yake ya mwanzo. Hata hivyo mfasiri wa sheria hana budi kuyapima kila mara ayaonapo. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na sheria nyingi zilikuwa zimetungwa kwa Kiingereza. Neno moja likifasiriwa vibaya, haki ya mtu yaweza kupotea.

Neno "may" asili yake ni kuwa na nguvu. Maana zake kubwa leo ni tatu:

(a) Ruhusa: Mna ruhusa kwenda.
(b) Uwezekano: Huenda mvua ikanyesha.
(c) Dua: Mungu akurehemu.

Kiswahili chatenga maana hizi kwa maneno na kwa maumbo ya kitenzi, hivyo mfasiri hulazimika kuchagua. Kosa huonekana zaidi katika kukanusha. Sentensi "The accused may not attend" yaweza kuwa "Mshtakiwa haruhusiwi kuhudhuria", au "Huenda mshtakiwa asihudhurie". Ya kwanza ni katazo. Ya pili ni kukisia tu.

Neno "shall" asili yake ni kuwa na deni. Nalo lina maana tatu:

(a) Wakati ujao, hasa katika nafsi ya kwanza: Nitafika kesho.
(b) Wajibu: Sharti Waziri ateue wajumbe.
(c) Kuuliza shauri: Je, twende?

Katika Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yatofautisha maneno haya katika kifungu cha 53: "may" likitoa mamlaka, mwenye mamlaka ana hiari kuyatumia au kuyaacha, "shall" likitoa kazi, kazi hiyo ni lazima itendwe.

Sasa tutazame desturi ya kufasiri "shall" kwa kiambishi -ta-, kama katika "Waziri atateua wajumbe". Ni kweli kwamba -ta- huweza kuamuru: mzazi amwambiapo mwanawe "Utakwenda sasa hivi", mtoto hangoji maelezo. Lakini hapo sauti ya msemaji yasaidia, na karatasi haina sauti. Tena wataalamu hueleza kwamba -ta- yatokana na kitenzi taka. Basi Kiingereza kilianza na deni, Kiswahili kikaanza na nia. Na nia haimfungi mtu kama deni limfungavyo. Mwanasheria aliyezoea ataiona amri katika "atateua"; mwananchi aisomaye peke yake aweza kuiona habari ya mambo yajayo.

Kwa hiyo yafaa -ta- ibaki kwa yale yatakayokuwa, na wajibu utajwe wazi kwa "sharti", "lazima" au "imempasa". Hiari nayo itajwe kwa "aweza" pale tu ambapo haitadhaniwa kuwa ni uwezo wa mwili. Penye shaka, "ana hiari" ni bora.