Ishi na Kroeber: Urafiki Ulioanzia Makumbusho

Alfajiri ya tarehe 29 Agosti 1911, mbwa wa machinjio moja karibu na mji wa Oroville, California, walibweka bila kukoma. Watu walipotoka walimkuta mwanamume wa makamo, amekonda, nywele zake zimeunguzwa hadi karibu na ngozi. Ndivyo kabila lake lilivyoomboleza wafu. Hakuna aliyeelewa lugha yake. Sherifu alimweka rumande, si kwa kosa lolote, bali kwa kukosa pa kumpeleka.

Habari hizo zilimfikia Alfred Kroeber, msomi wa miaka 35 aliyeongoza makumbusho ya anthropolojia ya Chuo Kikuu cha California. Akamtuma mwenzake, Thomas Waterman, na orodha ya maneno ya lugha za Wayana. Siku chache baadaye mgeni yule alikuwa San Francisco, anaishi ndani ya jengo la makumbusho.

Alikuwa mtu wa mwisho anayejulikana wa Wayahi, tawi la Wayana. Katika miaka ya 1860 walowezi waliwawinda watu wake na kuwaua makundi kwa makundi, na wachache waliosalia wakajificha kwa miongo minne katika makorongo ya Deer Creek na Mill Creek. Mwaka 1908 wapima ardhi waliikuta kambi yao ya mwisho, wakabeba pinde, mablanketi na vikapu. Mama yake alikufa muda mfupi baadaye, na dada yake hakuonekana tena.

Kroeber alitaka kujua kila kitu: lugha, hadithi, nyimbo, na jinsi watu wale walivyoishi mafichoni. Mgeni wake alitoa mengi kwa hiari. Alisimulia hadithi kwa saa nyingi, akachonga vichwa vya mishale mbele ya umati wa Jumapili, akawasha moto kwa kupekecha vijiti. Jina lake, hata hivyo, hakulitaja hadi anaingia kaburini, kwa kuwa Myahi hajitambulishi mwenyewe kwa mgeni. Habari za kufa kwa ndugu zake nazo hakupenda kuzigusa. Waandishi wa magazeti walipozidi kudai jina, Kroeber aliwapa neno la Kiyana lenye maana ya mtu: Ishi. Baada ya hapo hakumshurutisha. Mtafiti anayeweza kuiacha sehemu ya daftari lake tupu kwa heshima ya mtu aliyeketi mbele yake ni adimu, na pengine urafiki wao ulianzia hapo.

Uliendelea katika mambo madogo. Ishi alipata kazi ya usafi makumbusho kwa mshahara wa dola 25 kwa mwezi, akajinunulia mahitaji yake na kuweka akiba. Saxton Pope, daktari wa hospitali ya jirani, alijifunza kwake kutengeneza pinde na kuwinda, akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa uwindaji wa kisasa wa mishale Marekani.

Mvutano mkubwa zaidi ulitokea mwaka 1914, Kroeber alipotaka waende pamoja Deer Creek. Ishi alikataa. Kule ndiko walikokuwa wafu wake, na kurudi kwa ajili ya kuchora ramani kulimwogofya. Mwishowe alikubali. Kwa majuma kadhaa aliwaonyesha Kroeber na wenzake vijiji, mapango na mitego, akaogelea nao mtoni. Ramani zilizopatikana ni hazina. Bado, kukubali kwake kuna uzito ambao ramani hizo hazionyeshi.

Kifua kikuu kilimuua tarehe 25 Machi 1916. Kroeber alikuwa New York. Siku moja kabla, akijua mwisho umekaribia, aliandika barua kupinga mwili kupasuliwa: kama kuna atakayetaja maslahi ya sayansi, aambiwe kwamba sayansi na ipotelee mbali, kwani wao watasimama na rafiki yao. Barua ilichelewa. Mwili ulipasuliwa, ubongo ukatolewa, na mengine yakachomwa na kuzikwa Colma.

Kilichofuata ni kigumu kukielewa. Mwanzoni mwa 1917 Kroeber huyohuyo aliupeleka ubongo ule kwa Aleš Hrdlička wa taasisi ya Smithsonian, Washington. Majonzi hayatoshi kuwa udhuru. Akiwa mbali alimtetea rafiki yake kwa maneno makali, lakini uamuzi ulipofika mikononi mwake alimtendea kama kielelezo cha maabara.

Mwaka 2000, baada ya madai ya wenyeji wa California, Smithsonian iliukabidhi ubongo huo kwa jamii za Redding Rancheria na Pit River. Uliunganishwa na majivu ya Ishi na kuzikwa katika nchi ya mababu zake, mahali pasipotangazwa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha California kiliondoa jina la Kroeber kwenye jengo lake la anthropolojia huko Berkeley.

Makala ijayo itahusu fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lililorudi Kalenga mwaka 1954, na kichwa cha Mangi Meli wa Moshi, ambacho ukoo wake umekitafuta Ujerumani kwa miaka mingi.