Je, Wajua? Maji ya Ruvuma na boti za jioni za Rufiji

Je, wajua kwamba watalii wanaopanda boti jioni kwenye Mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wanapita juu ya maji ambayo sehemu yake yametoka mkoani Ruvuma? Mto Luwegu huanzia huku kwetu, ukakutana na Kilombero, na hapo ndipo Rufiji unapozaliwa. Maji hayo hayo huzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115. Wasomaji wa Madaba, tuna kila sababu ya kujivunia.

Safari hunoga kuanzia saa kumi jioni, jua likishapoa. Mwendesha boti huzima injini, mkondo ukaichukua boti taratibu. Tazama kingo za udongo: zimetobolewa matundu kwa makumi. Ni viota vya keremkeremu, ndege wala nyuki. Mamba amelala kinywa wazi. Hamtishi mtu, anapunguza joto la mwili. Viboko huonyesha macho na masikio tu, kisha huzama kwa dakika kama tano. Giza likiingia, hupanda nchi kavu kula nyasi, ndiyo maana mwendesha boti hodari hazibi njia yao.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2019, ikimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Jikusanyeni, mwende mkajionee.